Dawa Inayowasha: Pilipili, Maumivu ya Neva na Thamani ya Kipimo cha Haki

Ukisimama katika kituo chochote kikubwa cha mabasi hapa nchini, haupiti muda mrefu kabla ya kumsikia muuza dawa mwenye kipaza sauti. Orodha yake ya magonjwa haibadiliki sana: kisukari, presha, vidonda vya tumbo, nguvu za kiume, uzazi, na "miguu kuwaka moto". Kopo ni moja, unga ni mmoja, na bei hupungua kadiri basi linavyokaribia kuondoka. Wasomi wengi humpita kwa tabasamu la dharau. Mimi naomba tusimame kidogo kwenye kipengele cha mwisho cha orodha yake. Miguu kuwaka moto ni ugonjwa wa kweli, una jina katika vitabu vya tiba, na historia ya kuutafutia dawa ya mimea ina mafunzo kwa siasa yetu ya afya.

Maumivu ya kawaida ni taarifa. Ukikanyaga mwiba, neva za mguuni hupeleka habari kwenye ubongo, nawe unauondoa mguu. Maumivu ya neva ni ya namna nyingine: mjumbe mwenyewe ndiye mgonjwa. Neva iliyojeruhiwa hupeleka habari za moto pasipo moto, za mwiba pasipo mwiba, usiku na mchana, kwa miezi na hata miaka. Kisukari cha muda mrefu huleta hali hiyo. Mkanda wa jeshi huweza kuiacha nyuma baada ya malengelenge kupona. Virusi vya UKIMWI huiharibu neva, na baadhi ya dawa zenyewe huiharibu pia.

Jambo hili la mwisho linatuhusu moja kwa moja. Mpango wa taifa wa kutoa dawa za kufubaza virusi ulipoanza mwaka 2004, mseto uliotumiwa na wagonjwa wengi ulikuwa na stavudini. Dawa hiyo ilikuwa nafuu na iliokoa maisha ya watu wengi. Lakini miongoni mwa madhara yake ni kuumiza neva za miguu. Mwishoni mwa mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilizishauri nchi kuiondoa katika matumizi hatua kwa hatua. Wapo wananchi waliofufuka kutoka kitandani kwa dawa hizo kisha wakabaki na nyayo zisizovumilia hata uzito wa shuka.

Hospitali ina nini cha kuwapa wagonjwa wa aina hii? Ina amitriptilini, ambayo asili yake ni dawa ya sonona. Ina karbamazepini na gabapentini, ambazo asili yake ni dawa za kifafa. Husaidia baadhi ya wagonjwa, tena mara nyingi kwa kupunguza maumivu tu bila kuyaondoa. Wengine hupata usingizi mzito, kizunguzungu na kukauka kinywa, wakaziacha. Kwa hiyo mgonjwa anayegeukia mizizi, magome na unga wa mlonge haongozwi na ujinga. Ameshapita hospitali, na hospitali haikummaliza shida. Swali la haki analostahili kuulizwa kwa niaba yake ni hili: je, mmea huu unasaidia, na tutajuaje?

Kwa swali hilo, hakuna mwalimu bora kuliko pilipili.

Pilipili tunayoila leo, kuanzia pilipili mbuzi hadi pilipili kichaa, asili yake ni Amerika. Watu wa huko waliilima kwa maelfu ya miaka kabla ya Columbus kuvuka bahari mwaka 1492, na Wareno ndio walioisambaza kwa kasi katika pwani za Afrika na Asia. Jina tuliloipa lilitangulia mmea wenyewe. Neno pilipili lina ukoo wa mashariki, na lilihusu kwanza ile punje nyeusi ya Bahari ya Hindi ambayo mpaka leo tunaiita pilipili manga. Mgeni kutoka Amerika alipofika alirithi jina la mwenyeji kwa sababu wote wawili huwasha. Wahenga nao wakamwingiza katika hekima yao: pilipili usiyoila yakuwashiani?

Kwamba kitu kinachowasha kinaweza kutuliza maumivu ni wazo la kale, na katika karne ya 19 dondoo ya pilipili ilikwisha kupata nafasi katika tiba ya Ulaya. Lakini wazo la kale, hata likiwa sahihi, ni mbegu tu. Safari ya kuligeuza kuwa dawa ilikuwa ndefu, nami nitaieleza kwa hatua zake, kwa kuwa kila hatua ilijibu swali lake.

Swali la kwanza lilikuwa: ndani ya pilipili kuna nini? Mwaka 1816 mkemia Mjerumani, Christian Friedrich Bucholz, alichuja kiini kinachowasha, ingawa hakikuwa safi. Mwaka 1876 John Clough Thresh wa Uingereza akakipata karibu katika usafi wake na kukiita kapsaisini. Karl Micko akakisafisha kikamilifu mwaka 1898, na mwaka 1919 E. K. Nelson akaeleza umbo la molekuli yake. Ikapita karne nzima kupata jibu la swali moja. Faida yake ni kwamba tangu hapo mtu aliweza kusema ametumia kiasi gani. Pilipili mbili za shamba moja hazina ukali sawa. Gramu moja ya kapsaisini ni gramu moja popote.

Swali la pili: kiini hicho hufanya nini mwilini? Mwaka 1878 Endre Hőgyes wa Hungaria alionyesha kwamba kinaamsha neva za hisia. Katika miaka ya 1940, Mhungaria mwingine, Miklós Jancsó wa mji wa Szeged, aligundua jambo la kushangaza. Wanyama waliopewa kapsaisini mara kwa mara waliacha kuhisi viwashio vya kemikali, huku wakiendelea kuhisi kuguswa. Mtu angetarajia kwamba kiwashio kikizidi, maumivu yangezidi. Badala yake neva za maumivu zilinyamaza na nyingine zikaendelea na kazi zake. Kila mla pilipili wa pwani anaijua nusu ya ugunduzi huu kwa ulimi wake: anayeila kila siku huihisi kidogo kuliko mgeni. Jancsó aliongeza kipimo, rekodi na kurudiarudia.

Namna mlango huo unavyofunguka ilijulikana mwaka 1997. Kundi la David Julius katika Chuo Kikuu cha California, San Francisco, lilichukua vinasaba vinavyofanya kazi katika neva za hisia, likavipandikiza katika seli zisizoitikia kapsaisini, kisha likatafuta ni kinasaba gani kitazifanya ziitikie. Kilipopatikana, ilionekana kuwa kinatengeneza protini iliyo kama mlango kwenye ukuta wa neva, na kwamba mlango huohuo hufunguliwa na joto la kuumiza, kuanzia nyuzi 43 za Selsiasi hivi. Ndiyo maana pilipili huitwa kali na pia huhisiwa kama moto: kwa neva, hizo ni habari za mlango mmoja. Julius alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2021 pamoja na Ardem Patapoutian.

Hapa ndipo wengi wangetangaza ushindi. Kiini kinajulikana, mlango unajulikana, Nobel imetolewa. Lakini hakuna hata moja kati ya hayo linalojibu swali la mgonjwa, ambalo ni la tatu: nikiitumia, nitapata nafuu kuliko nisingeitumia?

Maumivu ya neva hupanda na kushuka yenyewe. Mgonjwa huenda kwa daktari au kwa mganga siku yalipomzidi, na siku inayofuata siku mbaya kuliko zote huwa na dalili ya nafuu hata asipofanyiwa kitu. Zaidi ya hapo, kuhudumiwa kwenyewe kunatuliza: kusikilizwa, kuguswa, kupewa kitu cha kumeza kwa uhakika. Nafuu hiyo ni ya kweli, mgonjwa hadanganyi. Ila haitupi haki ya kuihesabu kuwa kazi ya mmea. Njia pekee ya kutenganisha mambo haya ni kuwagawa wagonjwa kwa bahati nasibu, wengine wapewe dawa na wengine wapewe kitu kinachofanana nayo kisicho na kiini cha dawa, ambacho nitakiita dawa tupu. Na asiwepo anayejua nani kapata nini, si mgonjwa wala mtoaji, mpaka hesabu ifungwe.

Tazameni jaribio la mwaka 1991 nchini Marekani. Wagonjwa 252 wa kisukari wenye maumivu ya neva waligawanywa: wengine wakapaka krimu yenye asilimia 0.075 ya kapsaisini, wengine krimu tupu, kwa wiki 8. Kwa tathmini ya madaktari, takriban asilimia 70 ya waliotumia kapsaisini walipata nafuu. Muuza dawa angeishia hapo, na kipaza sauti chake kingetosha. Lakini katika kundi la krimu tupu, asilimia 53 hivi walipata nafuu pia. Mchango wa pilipili ni ile tofauti iliyobaki katikati. Ni tofauti ya kweli na ina maana kwa mgonjwa, lakini ni ndogo kuliko ile asilimia 70 ya tangazo. Kila ninaposikia ushuhuda wa "watu kumi walitumia, saba wakapona", hujiuliza wangepona wangapi kati ya kumi waliopaka krimu tupu.

Pilipili ilileta tatizo jingine ambalo wanafunzi wangu wa historia ya sayansi hulifurahia. Utamfichaje mgonjwa asijue amepewa pilipili? Krimu ya kweli inawasha, krimu tupu haiwashi. Siri imefichuka siku ya kwanza, na matumaini yake yameingia katika majibu atakayotoa. Watafiti waliotengeneza bandiko lenye asilimia 8 ya kapsaisini walipata ufumbuzi wa busara. Kundi linganishi halikupewa bandiko tupu. Lilipewa bandiko lenye asilimia 0.04 ya kapsaisini. Liliwasha kiasi cha kumfanya mtu adhani huenda amepata dawa, ilhali nguvu yake ilikuwa sehemu moja tu ya 200 ya nguvu ya bandiko kamili. Kwa njia hiyo, mnamo mwaka 2009, bandiko hilo liliidhinishwa Marekani kwa maumivu yanayobaki baada ya mkanda wa jeshi, na Ulaya kwa maumivu ya neva ya watu wazima wasio na kisukari. Hubandikwa na mhudumu wa afya kwa dakika 30 miguuni au 60 kwingineko, na huweza kurudiwa baada ya miezi mitatu. Marekani iliongeza ruhusa kwa miguu ya wagonjwa wa kisukari mwaka 2020.

Na wagonjwa wa virusi vya UKIMWI, ambao sisi tunao kwa wingi kuliko Ulaya na Marekani? Katika jaribio dogo la krimu lenye wagonjwa 26, lililochapishwa mwaka 2000, kapsaisini haikuleta faida. Baada ya wiki moja waliopakwa kapsaisini walikuwa na maumivu zaidi. Bandiko la asilimia 8 likafuata. Jaribio la mwaka 2008 lenye wagonjwa 307 lilikuta maumivu yamepungua kwa asilimia 22.8 katika kundi la dawa, na kwa asilimia 10.7 katika kundi linganishi. Furaha ikawa kubwa. Jaribio jingine likafanywa, safari hii na wagonjwa 494, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2012: asilimia 29.5 dhidi ya 24.5, tofauti ambayo kitakwimu haikuweza kutenganishwa na bahati. Mwaka huohuo kamati ya washauri wa mamlaka ya dawa ya Marekani ilipiga kura kwa kauli moja kwamba ushahidi hautoshi kwa wagonjwa hao, na ruhusa haikutolewa.

Huu ndio ukomavu ninaotaka tuutazame. Molekuli ileile, bandiko lilelile, mtengenezaji mwenye fedha na hamu ya kuuza. Lakini jibu likawa ndiyo kwa mkanda wa jeshi na bado kwa UKIMWI. Umaarufu wa dawa katika ugonjwa mmoja haukuruhusiwa kuibeba hadi ugonjwa mwingine. Linganisheni na lile kopo moja la kituo cha mabasi.

Pilipili ilifaulu kwa sehemu. Upo mmea mwingine ambao habari yake haina sherehe, na kwa maoni yangu ndiyo yenye faida zaidi kwetu. Ni mmea wa Ulaya uitwao kitaalamu Hypericum perforatum, unaouzwa kama kirutubisho kwa jina la St. John's wort, na unaotumiwa sana Ujerumani kwa sonona. Watafiti wa Denmark walifikiri hivi: ikiwa dawa za sonona kama amitriptilini hutuliza neva, huenda mmea wenye sifa ya kutibu sonona ukafanya hivyo pia, tena kwa madhara machache. Wazo lilikuwa zuri, na wangeweza kuliandika kwenye kopo na kuuza. Waliamua kulipima.

Walichukua wagonjwa 54. Kila mmoja alitumia mmea kwa wiki 5 na dawa tupu kwa wiki 5, kwa mpangilio wa bahati nasibu, bila kujua ni kipi kilitangulia. Wagonjwa 47 waliingia katika hesabu ya mwisho: 18 wenye kisukari na 29 wasio nacho. Wagonjwa 9 walisema mmea uliwapa nafuu ya wastani, nzuri au kamili. 2 walisema hivyo kuhusu dawa tupu. Mtu mwenye haraka angeruka: tisa dhidi ya wawili! Lakini kwa idadi hiyo ya wagonjwa, tofauti ya namna hiyo ingeweza kujitokeza kwa bahati tupu mara 7 hivi katika kila 100 hata kama mmea hauna kazi yoyote, na kigezo cha kawaida ni mara 5. Vipimo vya aina mojamoja za maumivu navyo havikuonyesha tofauti ya kutegemewa. Ripoti yao ya mwaka 2001 ikatamka, kuanzia kwenye kichwa chake, kwamba mmea huo hauna athari kwa maumivu hayo. Mtu anaweza kubishana nao kwamba jaribio kubwa zaidi lingefaa. Hoja hiyo ni halali, na inawezekana kuijadili kwa sababu tu hesabu zao ziko wazi.

Kabla ya hapo, mwaka 2000, watafiti wa Marekani walikuwa wameonyesha upande mwingine wa mmea huohuo. Waliwapa watu 8 wenye afya indinaviri, mojawapo ya dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, kisha wakaongeza mmea. Kiasi cha dawa katika damu kilishuka kwa wastani wa asilimia 57. Maana yake ni nzito. Mgonjwa angeweza kumeza vidonge vyake kila siku kwa uaminifu, akaongeza kirutubisho cha "asilia" kwa ajili ya miguu yake, na dawa yake ikashindwa bila yeye kujua. Tunaposema dawa ya asili haina madhara, tunasema jambo ambalo hakuna mmea uliotupa haki ya kulisema. Hata pilipili ya jikoni, ikisuguliwa kwenye nyayo zenye ganzi za mgonjwa wa kisukari, huweza kuunguza ngozi ambayo mwenyewe haihisi.

Sasa nirudi nyumbani. Ninajua kwamba neno "kupima", likielekezwa kwa tiba asili, huamsha kumbukumbu mbaya, na kumbukumbu hizo zina msingi. Utawala wa kikoloni ulimtazama mganga kwa jicho la polisi. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 ilitungwa na watu ambao mara nyingi hawakuona tofauti kati ya anayeroga na anayetibu. Aliyezoea kupimwa ili ahukumiwe hawezi kulaumiwa akikataa kupimwa. Upo pia wasiwasi wa leo: kwamba mtafiti atakuja na daftari, ataondoka na mzizi, na faida itabaki kwa mwenye hataza. Wasiwasi huo ulitambuliwa kimataifa katika Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010 kuhusu mgawanyo wa manufaa.

Baada ya uhuru tulijenga vyombo. Kitengo cha utafiti wa dawa za asili kilianzishwa Muhimbili mwaka 1974, nacho ndicho kilichokua kuwa Taasisi ya Tiba Asili. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ilipitishwa mwaka 2002, ikaleta Baraza lake. Tusiseme basi kwamba hatuna pa kuanzia. Upungufu wetu uko katika swali tunalouliza.

Kumbukeni Loliondo, mwaka 2011. Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile aligawa kikombe kwa shilingi 500 katika kijiji cha Samunge, na foleni ya magari ikawa ya kilomita nyingi. Walikwenda wagonjwa wa kisukari, wa UKIMWI na wa maumivu ya kila namna, na walikwenda viongozi wa umma. Serikali ilituma wataalamu, na jibu lililotangazwa lilihusu usalama: kinywaji hakina sumu. Jibu hilo lilikuwa sahihi kwa swali lililoulizwa, lakini mitaani lilisikika kama jibu la swali jingine. "Haidhuru" ikageuka "inaponya". Mwaka 2020, wakati wa UVIKO-19, ndege ilitumwa Madagascar kuleta kinywaji cha mitishamba, na mara nyingine tena heshima ya bara ilitangulia, hesabu ikabaki nyuma. Katika vipindi hivyo viwili, aliyeuliza ushahidi alionekana ama msaliti wa Uafrika ama adui wa imani.

Wanaodhani kwamba majaribio ya kulinganisha makundi ni utamaduni wa kigeni usiotufaa wanasahau historia yetu wenyewe. Tiba ya kifua kikuu ya miezi 6 ilithibitishwa kwa kiasi kikubwa hapahapa. Mabaraza ya utafiti wa tiba ya Afrika Mashariki na ya Uingereza yaliwagawa wagonjwa wa hospitali zetu kwa bahati nasibu, na matokeo ya kwanza ya tiba hiyo fupi yalichapishwa mwaka 1972. Dunia nzima ilibadilisha utaratibu wake wa kutibu kwa ushahidi uliotoka katika vifua vya watu wa Afrika Mashariki. Kama miili yetu ilitosha kuthibitisha dawa za viwanda vya wengine, inatosha kuthibitisha mizizi ya misitu yetu.

Wapo watakaosema gharama. Ni kweli kwamba kampuni haitatumia mabilioni kwa mmea ambao kila mtu anaweza kuuchimba. Ndiyo sababu kazi hii ni ya umma. Lakini tusikuze gharama kupita kiasi. Denmark ilihitaji wagonjwa 54 na wiki 10 kwa kila mmoja. Kliniki ya kisukari ya hospitali moja ya rufaa ya mkoa ina wagonjwa wa kutosha. Kinachohitajika ni mfamasia wa kutengeneza vidonge viwili vinavyofanana, muuguzi wa kurekodi ukali wa maumivu kwa alama za sifuri hadi kumi, mtaalamu wa takwimu, kibali cha maadili, na mganga aliyekubali kwa mkataba ulioandikwa kwamba jina lake na sehemu yake katika manufaa vitalindwa.

Wengine watasema mgonjwa hawezi kusubiri. Hasubiri hata sasa, ananunua. Anapouza mbuzi ili anunue makopo ya miezi mitatu, ameingia katika jaribio lisilo na rekodi, lisilo na kundi linganishi, ambalo gharama analipa yeye na matokeo hayatamfikia mgonjwa anayefuata.

Kwa watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu, ombi langu ni dogo. Kusajiliwa na kuthibitishwa ni mambo mawili, na kopo liyaseme yote mawili kwa Kiswahili kinachosomeka: imepimwa usalama au haijapimwa, imepimwa kama inatibu au haijapimwa, kwa ugonjwa gani, kwa wagonjwa wangapi. Fedha za utafiti wa tiba asili zitengwe kwa masharti kwamba matokeo yatachapishwa hata yakiwa "haisaidii". Na kila kliniki ya dawa za kufubaza virusi imuulize mgonjwa, bila kumkemea, ni mimea gani anaitumia nyumbani.

Kwa wanafunzi na wanaharakati, naomba tuache kugawana kambi, moja ya kutukuza kila mzizi na nyingine ya kucheka kila mganga. Zote mbili zinaukwepa mguu unaowaka. Chagueni mmea mmoja unaotumiwa wilayani kwenu kwa maumivu hayo. Andikeni jina lake, kipimo chake, anayeutoa na anachodai. Kisha mwulizeni mbunge wenu, kwa barua, ni lini utapimwa, na nani atalipa.